Panya akipigwa na mwenzake anasahau njia? Wajuzi wa ubongo njooni hapa

#1 MzeeWaNdengu (mleta uzi)

Habari za jioni wanajukwaa.

Mimi nauza nafaka Nyamakima, hapa Nairobi, panya nawajua kuliko wapwa zangu. Kuna jambo nimeliona stoo linanikosesha usingizi, na si hasara ya mahindi. Hiyo nilishaizoea.

Stoo yangu ina panya mmoja jitu, mkia umekatika nusu. Huyo ndiye mwenye nyumba, mimi mlipa kodi tu. Wadogo huja usiku kwa pengo lililo chini ya mlango wa nyuma. Akiwapata anawafukuza huku akiwauma mgongoni na makalioni, wanapiga kelele mpaka mlinzi wa nje anagonga kuuliza kuna nini. Sasa tazama. Nikiwasha taa ghafla, yule jitu na wale asiowagusa wanaenda moja kwa moja kwenye pengo, kufumba na kufumbua hawapo. Lakini waliokwisha kung'atwa, wenye vidonda, wanafuata ukuta, wanafika kwenye pengo, wanalipita, wanageuka, mwisho wanajibanza nyuma ya magunia ya njahi. Pengo ni lile lile waliloingilia!

Kijana wangu wa chuo ananiambia wazungu wameshalipima: panya mdogo aliyeijua njia vizuri, akikaa na mkorofi wa kumpiga, anaisahau. Ni kweli? Na kama ni kweli, ni kitu gani hasa kinachoharibika kichwani? Maana nikimtazama mwanafunzi anayeonewa shuleni, au mtu anayetukanwa kazini kila siku halafu hakumbuki hata alipoweka funguo, naona ni hadithi moja.

#2 MakangaMstaafu

Mzee, yaani unakaa stoo usiku unatazama panya wakipigana. Mama watoto anajua?

#3 KeruboWaKabete

Kijana wako hajakudanganya. Utafiti anaousema ulitoka Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, mwaka 2016, kikosi cha Jonathan Godbout na John Sheridan. Nieleze kidogo maana uzuri wake uko kwenye hatua.

Panya wadogo wa maabara kwanza walifundishwa njia. Kifaa ni meza ya duara yenye mashimo kuzunguka ukingo wake. Juu kuna mwanga mkali, na panya hapendi kuwa peupe. Shimo moja tu lina kisanduku chenye giza chini yake, mengine ni ya uongo. Mwanzoni panya anakisia, anachungulia shimo hili na lile. Baadaye anatulia, anatazama alama zilizo kwenye kuta za chumba, anakwenda moja kwa moja. Meza hiyo ni kazi ya Carol Barnes, aliieleza mwaka 1979.

Wakishaijua njia, dume kubwa korofi linaingizwa kwenye kizimba chao jioni. Saa mbili kila siku, siku 6 mfululizo. Linawapiga mpaka wanasalimu amri. Halafu wanarudishwa mezani. Waliopigwa walihangaika kutafuta shimo ambalo walikuwa wanalijua. Wenzao ambao hawakupigwa walilikumbuka.

Maelezo yao ni kwamba kipigo cha namna ile kinaamsha kinga ya mwili. Seli za ulinzi zinatoka kwenye uboho, zinasafiri na damu mpaka kwenye ubongo, na hipokampasi inaingia hali ile ya uvimbe ambayo kidonda huwa nayo kikiwaka. Hipokampasi ndiyo sehemu ya ubongo inayoshika njia na matukio. Walipowapa panya wengine dawa ya kutuliza huo uvimbe, kumbukumbu ya shimo haikuharibika. Lakini woga wa kuwakaribia panya wengine ulibaki. Hapo ndipo mimi hushangaa kila nikisoma: dawa imeokoa njia, haikuokoa moyo.

#4 FundiUmoja

Dada Kerubo, mbona mimi nilisoma ni dakika 10 kwa siku, siku 10? Na si mkorofi anayeletwa kwa wadogo, ni mdogo anayepelekwa nyumbani kwa mkorofi. Na haikuwa meza, lilikuwa beseni kubwa la maji yaliyotiwa maziwa.

#5 KeruboWaKabete

@FundiUmoja umechukua vitu vitatu vya kweli ukaunda kimoja cha uongo 😄

Dakika zisizozidi 10, siku 10, hiyo ni njia iliyotumiwa sana na kikosi cha Eric Nestler. Kila siku mdogo anapelekwa kwa dume jipya, anachapwa, kisha kinawekwa kizuizi chenye vitundu katikati. Usiku kucha anamwona na kumnusa adui bila kuguswa. Kazi yao iliyovuma mwaka 2007 haikuhusu njia. Ilihusu kukata tamaa. Na waliona jambo: panya hao ni wa ukoo uliozalishwa kufanana kabisa kinasaba, wamepigwa sawa, lakini wengine wanavunjika na wengine wanaendelea na maisha.

Beseni la maji ni la Richard Morris, Skotlandi, 1981. Maji yanafanywa meupe ili panya asikione kijukwaa kilichozama kidogo chini ya uso wa maji. Anaogelea mpaka akipate. Akikumbuka mahali kilipo, anafika upesi.

#6 MakangaMstaafu

Damu moja, kipigo kimoja, mmoja anavunjika mwingine anaomba ugali. Hiyo nimeiona kwa ndugu zangu bila maabara.

#7 MwalimuWaZamani

Nimefundisha miaka mingi, sasa nalima sukuma wiki Ruai. Nataka kumpinga mleta uzi kidogo. Si kila msongo unaua kumbukumbu. Mtoto asiyeogopa chochote hasomi.

Mwaka 1908 Robert Yerkes na John Dodson waliwafundisha panya kuchagua kati ya visanduku viwili, cheupe na cheusi. Wakikosea, wanapigwa umeme mdogo. Pale ambapo tofauti ya mwanga ilikuwa wazi, umeme ukizidi walijifunza haraka zaidi. Pale ambapo tofauti ilikuwa ngumu kuiona, umeme wa kadiri ndio uliofaa. Ukiwa mkali waliharibikiwa. Kwa hiyo swali la kwanza ni: njia ya kwenda kwenye pengo la mzee ni rahisi au ngumu? Kama ni rahisi, kipigo kingewafanya walikimbilie zaidi.

Na nyinyi wazazi wa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, mnisikie. Kumtisha mtoto kuhusu jedwali la kuzidisha kunaweza kufaulu. Kumtisha kuhusu insha, hapana.

#8 FundiUmoja

Mwalimu, kwa hiyo fimbo ilikuwa ya jedwali tu? Mbona mimi nilichapwa hadi kwenye somo la muziki.

#9 SistaWaZamuYaUsiku

Mimi muuguzi. Naomba nitenganishe jambo ambalo naona mnalichanganya: kusahau na kushindwa kutoa.

Kuna utafiti wa 1998, Dominique de Quervain pamoja na Roozendaal na McGaugh. Panya wakubwa (aina ya rat, si wale wadogo wa Ohio) walijifunza kijukwaa kwenye beseni lile la Morris. Siku iliyofuata walipigwa umeme mguuni, kisha wakajaribiwa. Waliojaribiwa dakika 2 baada ya umeme walikumbuka. Waliojaribiwa saa 4 baadaye walikumbuka. Waliojaribiwa baada ya dakika 30 walipotea. Dakika 30 ndipo kotikosteroni, homoni ya msongo ya panya, iko juu kwenye damu. Walipoizuia homoni isipande, tatizo halikutokea.

Maana yake kumbukumbu ilikuwa ndani muda wote. Mlango wa kuitolea ulifungwa kwa muda. Mzee, hao panya wako unawawashia taa wakati gani? Mara tu wakishang'atwa, au baadaye?

Mimi mwenyewe mtihani wa mwisho wa chuo uliniishia hivyo. Swali la dozi za watoto, nilikuwa nalijua kama jina langu. Kalamu mkononi, kichwa cheupe. Nimetoka, nimefika getini, jibu lote hili hapa na hesabu yake.

#10 MtuMgumu

Mnajenga ghorofa bila msingi. Nani amesema ni kumbukumbu?

Panya aliyepigwa ana vidonda. Amepungua uzito, hajalala vizuri, na anaogopa. Panya mwenye hofu anashika ukuta, hatoki katikati. Ukimweka kwenye beseni anazunguka kingo. Ukimweka mezani anaganda. Wewe unaandika kwenye daftari kwamba amechelewa, unasema amesahau. Amechelewa kwa sababu anaogopa! Aliyeng'atwa mgongo jana usiku hawezi kukimbia kama mzima.

Hata hapo juu mzee mwenyewe ameandika "wanafuata ukuta". Huo ni woga. Swali limejijibu.

#11 KeruboWaKabete

@MtuMgumu hoja nzuri, na watafiti si wajinga kiasi hicho. Kwenye beseni kuna jaribio la kuwekea kijukwaa bendera kionekane wazi. Panya akienda upesi kwenye bendera lakini akashindwa kijukwaa kilichofichwa, miguu na macho yake ni sawa, na nia ya kutoka anayo. Tatizo liko kwenye ramani. Tena wanaondoa kijukwaa kabisa na kutazama anatumia muda mwingi upande gani wa beseni. Mwenye kukumbuka anazungukazunguka pale kilipokuwa.

Ila nakupa kitu kimoja: woga na kumbukumbu kuvitenganisha kabisa haiwezekani.

#12 Kijana_wa_Rongai

Robert Sapolsky, yule Mmarekani mtafiti wa msongo, si alifanya haya haya hapa kwetu Kenya? Aliwachukua panya wa Mara akaonyesha wanaonyanyaswa seli za ubongo zinakufa.

#13 DaktariMifugo_Ngong

@Kijana_wa_Rongai sivyo. Mara alifuata nyani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Aliwapiga mishale ya dawa ya usingizi, akawatoa damu na kupima homoni. Madume wa chini kwenye kundi, wanaonyang'anywa chakula na kufokewa, kotisoli yao huwa juu hata siku ambayo hakuna ugomvi. Panya aliwafanyia maabara Marekani.

Lakini iko kazi nyingine ambayo watu wa Nairobi wanapaswa kuijua zaidi. Mwaka 1989 Uno, Sapolsky na wenzao, wakiwemo watafiti waliokuwa hapa, walichapisha habari za tumbili waliofugwa katika kituo cha utafiti wa nyani hapa Kenya. Walikufa wenyewe kati ya 1984 na 1986. Wanane walikutwa na vidonda vingi vya tumbo. Wengi wao walikuwa wamefugwa kwenye makundi, walikuwa na alama nyingi za kuumwa, na tezi za adrenali, zile za juu ya figo, zilikuwa zimevimba. Yaani waliishi chini ya wababe na hawakuwa na pa kukimbilia. Ubongo ulipokatwa na kutazamwa, hipokampasi ilikuwa imeharibika.

Porini tumbili anayeonewa hujitenga, huhama kundi. Kizimbani anahamia wapi? Hapo ndipo tofauti ya panya wa stoo na panya wa maabara inapoingia pia, mzee. Wako wana pengo, hata kama wanalipita.

#14 MakangaMstaafu

"Waliishi chini ya wababe na hawakuwa na pa kukimbilia." Daktari, hiyo si ndiyo ploti yetu Pipeline, ghorofa ya sita.

#15 Otis_wa_Kariobangi

Niwape kisa changu. Nilipoingia kidato cha kwanza, bweni, sisi mono tulikuwa chakula. Kulikuwa na mkubwa mmoja alikuwa ananiamsha usiku nimfulie soksi, nikichelewa ananisimamisha mlangoni kwa mguu mmoja. Muhula ule mzima wa masomo sikumbuki kitu. Hata walimu sura zimepotea. Lakini yule jamaa? Nakumbuka harufu ya sabuni yake, nakumbuka ndala zake zilikuwa za rangi mbili tofauti, nikisikia mtu anaburuta miguu vile hadi leo tumbo linakaza.

Sasa wataalamu niambieni. Kama kuonewa kunaua kumbukumbu, mbona hii haikufa?

#16 KeruboWaKabete

Pole ndugu Otis. Swali lako ndilo kubwa kuliko yote humu.

Bruce McEwen na wenzake wa New York waliwabana panya wakubwa saa 6 kila siku kwa siku 21. Matawi ya seli za hipokampasi yalifupika kama mwembe uliopogolewa. Mwaka 2002 kikosi cha Sumantra Chattarji kule Bangalore, India, kikatazama na amigdala, sehemu ya hofu. Huko matawi yalirefuka! Msongo ule ule, ubongo ule ule.

Kwa hiyo panya anaweza kupoteza njia na wakati huo huo akamshika mbabe wake sawasawa kichwani. Wale wa Ohio, baada ya siku 28 kumbukumbu ya meza ilikuwa imerudi, lakini bado walikuwa wanawakwepa panya wageni.

#17 MtuMgumu

Dada, hapo #16 umebadilisha mchezo katikati. Kubanwa kwenye kifaa si kuonewa na mwenzako. Mleta uzi ameuliza kuhusu mkorofi.

Na hiyo habari ya "seli zinakufa" ya @Kijana_wa_Rongai nayo imezeeka. Miaka ya 1980 walisema hivyo kuhusu panya waliopewa homoni miezi kadhaa. Baadaye wengine wakahesabu kwa uangalifu zaidi kwa panya wenye msongo wa kawaida, idadi ya seli haikupungua. Kilichopungua ni matawi. Na matawi hurudi msongo ukiisha.

#18 DaktariMifugo_Ngong

Kubanwa si kipigo, kweli. Ila kufupika kwa matawi kumeonekana pia kwa wanyama walioonewa na wenzao bila kubanwa na mtu. Walikuwa chirukuti-miti wa Asia, wanyama wadogo wanaofanana na kindi, na wao si panya. Mwaka 1996, McEwen huyo huyo akiwa na Wajerumani. Aliyeshindwa aliishi akimwona mshindi.

#19 Mama_Shani

Nasoma kimya tangu jana. Mmetaja madume tu. Majike je?

#20 SistaWaZamuYaUsiku

Mama Shani umegonga penyewe. Majike wa panya wa maabara hawapigani sana, kwa hiyo majaribio ya mkorofi yamefanywa kwa madume kwa miaka mingi. Victoria Luine alitumia njia ya kuwabana: madume baada ya siku 21 walikosea kwenye njia zenye mikono mingi, majike hawakuharibikiwa, wengine walifanya vizuri zaidi. (@MtuMgumu najua, ni kubanwa.)

#21 Mama_Shani

Sisi tunabanwa na tunakumbuka. Hilo halikuhitaji maabara 😂

#22 MwalimuWaZamani

Niongeze upande ambao hakuna aliyeugusa: malezi. Michael Meaney wa McGill, Kanada, aliwaangalia majike wanaonyonyesha. Wapo wanaowaramba watoto sana, wapo wanaowaramba kidogo. Watoto wa walambaji hukua wakiwa na mshtuko mdogo wa homoni na hujifunza beseni la maji vizuri. Wakabadilishana watoto kati ya mama hawa, na tabia ikafuata mlezi zaidi ya mzazi.

Kwa hiyo wale wanaoathirika zaidi na mkorofi stoo kwa mzee labda walianza na mama mwenye mkono mzito. Au mama mwenyewe alikuwa na njaa.

#23 Juma_wa_Moro

Wakuu salama? Mimi Mtanzania niko hapa Eastleigh kwa biashara. Nawaona mnahangaika na panya waliopigwa, sisi Morogoro tuna panya waliofundishwa bila kupigwa. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine kuna APOPO, wanafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya kifua kikuu. Wanawazoesha watu tangu wadogo, wanawapa ndizi na karanga kila wakipatia. Yule Magawa alipelekwa Kambodia, mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza. Alifariki Januari 2022 akiwa mzee wa heshima.

Panya asiye na msongo kichwa chake ni dhahabu.

#24 MakangaMstaafu

Panya wa Tanzania ana medali, wa Nyamakima anashindwa kupata mlango.

#25 MtuMgumu

@Juma_wa_Moro Magawa ni panya mmoja aliyechaguliwa kati ya wengi. Huwezi kusema amefaulu kwa sababu hakupigwa. Nionyeshe waliopigwa wakafunzwa mabomu tuwalinganishe.

#26 Juma_wa_Moro

Mkuu nani ampige panya halafu amtume kwenye bomu. Tuwe na utu.

#27 FundiUmoja

Mimi nimefikiria upande wa upweke. Panya akishachapwa watafiti wengi humweka peke yake. Je, ni kipigo au ni kukaa peke yake?

#28 KeruboWaKabete

@FundiUmoja hilo linawasumbua hata wao. Mwaka 2000 Kogan, Frankland na Silva walionyesha panya dume anayeishi na wenzake humkumbuka panya mchanga aliyekutana naye mara moja hata baada ya siku 7. Aliyewekwa peke yake humsahau upesi mno. Hakupigwa hata kofi. Kwa hiyo upweke pekee unaharibu, angalau kumbukumbu ya nani ni nani.

Ndiyo maana mimi hupenda njia ya Ohio: waliopigwa walibaki na wenzao kizimbani.

#29 DaktariMifugo_Ngong

Na msisahau anayewashika. Mwaka 2014 kikosi cha Jeffrey Mogil, McGill, kiligundua panya wakiwa karibu na mtafiti mwanamume, au hata fulana aliyoivaa usiku, homoni ya msongo inapanda. Mtafiti mwanamke, haikuwa hivyo. Fikiria majaribio mangapi ya kumbukumbu yamefanywa bila mtu kuandika nani alifungua kizimba.

Mzee, wewe ukiingia stoo na taa yako, harufu yako tayari ni sehemu ya jaribio.

#30 Mama_Shani

Ndiyo maana Makanga aliuliza kama mama watoto anajua. Aingie yeye na taa.

#31 MzeeWaNdengu (mleta uzi)

Asanteni sana. Nimesoma yote, mengine mara mbili.

@SistaWaZamuYaUsiku taa nawasha nikisikia kelele, kwa hiyo kipigo ni cha sasa hivi. @MwalimuWaZamani pengo halina ugumu wowote, liko wazi, upana wa vidole vitatu. @MtuMgumu vidonda haviwazuii kukimbia, wanakimbia kama kawaida, wanakosa mlango tu.

Swali langu sasa ni la biashara. Nikimnasa yule jitu, wadogo watarudiwa na akili zao? Maana naogopa wakipata akili watamaliza ndengu.

#32 FundiUmoja

Ukimnasa mkubwa, mwingine atapanda cheo kabla ya wiki kuisha. Ziba pengo kwa saruji na waya wa chuma, mambo ya ubongo waachie Kabete.

Na ukitumia sumu usiweke ile ya kuua papo hapo. Panya huonja kitu kipya kidogo kidogo. Akiugua mara moja na akapona, chakula hicho hakigusi tena. John Garcia alilionyesha tangu 1955. Hiyo ni kumbukumbu ngumu kufutika. Ndiyo maana sumu nyingi siku hizi huua polepole, baada ya siku kadhaa, asijue ni nini kilichompata.

#33 Otis_wa_Kariobangi

Fundi umesema kitu. Garcia, mbabe wangu wa bweni, na amigdala ya dada Kerubo vyote viko upande mmoja: kilichokuumiza hakisahauliki. Kinachosahaulika ni kile kilichokuwa karibu yake. Mimi naenda na hiyo.

#34 SistaWaZamuYaUsiku

Otis, nusu nakubali. Lakini wagonjwa wangu wengine husahau kile kile kilichowaumiza, na hukumbuka saa ya ukutani.

#35 MtuMgumu

Kabla hamjafunga. Kuna jambo ambalo mabandiko zaidi ya thelathini yamelipita. Mzee anasema wanaong'atwa ndio wanaokosa pengo. Lakini nani hung'atwa na panya mwenye himaya? Mgeni! Mwenyeji anamjua kwa harufu, anamwacha. Mgeni ameingia mara moja au mbili tu, hajaijua stoo. Anakosa mlango kwa sababu hajawahi kuujua vizuri, na anang'atwa kwa sababu hiyo hiyo ya ugeni. Hakuna msongo wala hipokampasi hapo. Ohio waliwafundisha kwanza wote, kisha wakawapiga. Stoo haikufundisha mtu.

#36 MzeeWaNdengu (mleta uzi)

Aah, hapana. Yupo mmoja mwenye sikio lililochanika. Huyo namjua, anapitia pengo hilo tangu mavuno ya mwaka jana, alikuwa akitoka kama risasi. Siku hizi anazunguka magunia na wenzake.

#37 KeruboWaKabete

Mzee, huyo ni wa thamani! Sikio lilichanika kabla hajaanza kupotea, au baada?

#38 MtuMgumu

Na una hakika ni yule yule? Soko zima lina panya wenye masikio yaliyochanika.

#39 MakangaMstaafu

Sasa mzee ataanza kuwaombea panya vitambulisho. Huduma Centre wapi, ghorofa ya ngapi?